Yubile na Madeni Yetu

Mazungumzo mbele ya waamini na wageni, siku ya yubile ya parokia, Kisenge



Wengine mmetoka Kolwezi kwa njia ndefu ya vumbi, wengine Dilolo, Kasaji na Malonga, wengine mmesukuma kinga tangu jana kutoka vijijini, na mzigo wa unga juu yake. Ngoma zimelia, kwaya zimeimba, mbuzi wamechinjwa. Hayo yote ni mema, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sikukuu hupita, na kesho asubuhi kila mtu atarudi kwa jembe lake. Kwa hiyo tumeona vema tuzungumze pamoja juu ya neno moja lililokaa ndani ya yubile tangu mwanzo wake, ingawa watu hawapendi kulisikia siku ya furaha. Neno lenyewe ni deni.

Kwanza tuulize: yubile ni nini? Jina hilo limetoka kwa Waebrania, nalo lilitaja pembe ya kondoo dume iliyopigwa kama baragumu. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaeleza ya kuwa watu wa Israeli walipaswa kuhesabu miaka saba mara saba, kisha pembe ilie katika inchi yote, na mwaka wa 50 uwe mtakatifu. Yule aliyeuza shamba la baba zake kwa sababu ya umaskini, alirudishiwa. Yule aliyejiuza kuwa mtumwa wa ndugu yake, alirudi nyumbani pamoja na watoto wake. Na Mungu aliwapa sababu: inchi ni yake, na watu wote ni wageni tu wanaokaa kwake. Basi angalieni vizuri. Sheria hiyo haikuanza na chakula, wala na kitambaa kipya. Ilianza na mashamba, watumwa na madeni.

Eklezya ililichukua jina hilo, na Papa Bonifasi wa VIII aliita Mwaka Mtakatifu wa kwanza mwaka 1300. Katika Mwaka Mtakatifu wa 2025 Papa Fransisko aliomba tena inchi tajiri zisamehe madeni ya inchi zisizoweza kulipa. Yeye aliaga dunia tarehe 21 Aprili 2025, katikati ya mwaka huo, na Papa Leo wa XIV ndiye aliyeufunga tarehe 6 Januari 2026. Lakini ombi lake halikufungwa pamoja na mlango.

Sisi Wakongo tunajua maana ya kusamehewa deni. Mwezi wa Julai 2010 wakubwa wa fedha wa ulimwengu waliifutia inchi yetu deni la nje la zaidi ya dola bilioni 12. Hakuna mmoja wetu ambaye angeweza kuhesabu fedha hiyo, hata kama angeanza ujana wake na kumaliza uzee wake. Basi tukumbuke mfano alioutoa Yezu katika Injili ya Matayo, sura ya 18. Mtumishi mmoja alikuwa na deni kubwa kwa mfalme, deni lisilolipika, na mfalme akamhurumia. Alipotoka nje alikutana na mwenzake aliyekopa kwake kitu kidogo, akamkaba shingo. Ndugu, mfano huo unauliza taifa zima, na unatuuliza sisi wa Kisenge: tuliosamehewa mabilioni, tunamfanyia nini jirani aliyekopa kopo moja la unga?

Tunajua madeni ya hapa kwetu. Kuna deni la duka, linaloandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi ya sukari. Kuna deni la likelemba, pale mtu aliyekwisha kupokea zamu yake anapougua kabla ya kuwatolea wenzake. Kuna mahari isiyokwisha, inayomfanya kijana awe mgeni wa daima mbele ya wakwe zake. Kuna deni la kilio, pale familia inapokopa sanduku, na mtoto anarithi deni la jeneza la baba yake. Madeni hayo ni madogo kwa hesabu, lakini yanavunja salamu. Watu wawili wa shirika moja wanapokea Komunyo siku moja, na wakitoka nje mmoja anapita nyuma ya nyumba ili asionane na mwingine.

Tena kuna deni lingine ambalo ni lazima tulitaje leo, sababu liko karibu na altare. Ni deni la michango. Mchango ni jambo la haki. Mabati hayashuki kutoka mbinguni. Divai na hostia zinanunuliwa. Katekista anayekwenda vijijini anahitaji mpira wa kinga. Lakini tumesikia ya kuwa wako watu ambao hawakuja leo, kwa sababu majina yao yamebaki katika daftari la wasiomaliza mchango wa yubile. Waliogopa kusomwa mbele ya watu. Tumesikia pia swali la mama mmoja mjane: akifa, je, watamwomba kadi kwanza kabla ya kumwombea?

Ndugu wapendwa, baraza la parokia limekaa, na pamoja nalo tumepatana hivi. Daftari la mchango wa yubile linafungwa leo. Majina yote yaliyobaki nyuma yanafutwa. Hakuna atakayesomwa mbele ya watu, na hakuna marehemu atakayekosa sala kwa sababu ya kadi. Yubile isianze kwa jirani, ianze hapa. Na ninyi wazee wa mashirika, mtakaporudi, piteni nyumba kwa nyumba kwa wale ambao hawakuja, muwapelekee sehemu yao ya nyama na habari hii.

Wengine watauliza: sasa nani atalipa mabati yaliyobaki? Swali ni la haki, na jibu si tamu. Tutalipa sisi wenye kitu, polepole, pengine kwa muda mrefu. Sehemu moja ya paa itangoja. Tumeona ni heri paa lingoje kuliko mjane kungoja nje.

Lakini tusidanganyane. Kusamehe si kufundisha uvivu. Mtu anayeweza kulipa na hataki, huyo si maskini. Anakula jasho la mwenzake. Tena mshahara wa mtu aliyetumika si deni la kuombewa msamaha. Mtume Yakobo anafundisha ya kuwa mshahara uliozuiliwa hulia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Hata kama umemwita mtoto wa jirani alime shamba lako siku moja tu, umlipe jioni, na usiseme kwamba ni yubile.

Pili, yako madeni ambayo hayakuandikwa katika daftari lolote, nayo ni makubwa kuliko yale ya franka. Hayo hayafutwi. Yanakumbukwa.

Mji wetu umetokana na jiwe jeusi, manganezi, ambalo hutiwa katika chuma cha pua na katika mawe ya tochi. Jiwe hilo lilisafiri kwa gari la moshi hata Lobito, bandari ya bahari ya Atlantiki. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, na jiwe likabaki limerundikwa kama kilima. Watu waliokuja kutumika hapa kutoka pande nyingi walijikuta mwisho wa njia. Nani aliwalisha? Wenyeji wa vijiji vinavyotuzunguka, Watshokwe, Walunda, Walwena na wengine, waliwaonyesha pahali pa kulima. Fundi wa mashine alijifunza kushika jembe, na mke wake alijifunza kuloweka mihogo mtoni na kuianika. Bukari na sombe ndivyo vilivyowalea watoto ambao leo wanaitwa mwalimu, mganga na padri.

Kisha tukumbuke mpaka. Mwezi wa Machi 1977 vita vilivyoitwa vya Shaba vilifika kwetu, Kisenge, Dilolo na Kapanga. Mwezi wa Mei 1978 vikafika Kolwezi. Maelfu na maelfu ya watu wetu walikimbilia Angola, na huko wakapewa pahali pa kulala. Baadaye njia iligeuka. Waangola walikimbia vita vya kwao, wakaingia upande wetu, na Kisenge ikawa na kambi ya wakimbizi, hata amani ya mwaka 2002 ilipowafungulia njia ya kurudi. Basi nani ana deni kwa nani? Hakuna anayeweza kufunga hesabu hiyo. Ni vizuri isifungwe, kwa maana Mtume Paulo aliwaambia Waroma ya kuwa deni la mapendo ndilo peke yake linalopaswa kubaki kati ya watu.

Lakini kumbukumbu ikiwa ya kweli, haichagui mazuri tu. Katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Familia nzima zililala siku nyingi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, zikingojea gari la moshi, na watoto wengi walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Walikuwa watu waliobatizwa kwa maji yale yale. Nyumba zao zilibaki, na wengine wakaingia ndani. Hatusemi hayo ili kuharibu sikukuu. Tunayasema kwa sababu sheria ya Walawi ilitaka kila mtu arudishiwe shamba la baba zake. Ikiwa leo yuko mtu anayejua ya kwamba anakaa katika kitu cha mwenzake aliyefukuzwa, yubile inamwita kwa jina. Na ikiwa mjukuu wa waliofukuzwa anarudi kutafuta kazi katika Lualaba, tusimwulize kabila lake mbele ya kumpa maji ya kunywa.

Tatu, tuingie nyumbani. Wazee wa Kolwezi wanamkumbuka Padri Placide Tempels, Mfransiskani aliyefika Kongo mwaka 1933. Huko Kolwezi, tangu mwaka 1953, alikaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akasikiliza matamanio yao, na katika mazungumzo hayo ndimo Jamaa ilimozaliwa. Maneno yao matatu yanajulikana: uzima, uzazi, mapendo. Padri yule alikuja kufundisha, na mwishowe alitambua ya kuwa yeye naye alikuwa akipokea. Hilo ni fundisho kwa sisi mapadri, na ni fundisho kwa kila baba na mama. Baba anayehesabu franka alizoleta nyumbani, je, amehesabu pia maji yaliyotekwa, kuni zilizobebwa, usiku uliokeshwa kando ya mtoto mwenye homa? Kati ya mume na mke hakuna mkopeshaji. Siku mmoja wao anapoanza kuandika daftari, nyumba imekwisha kupasuka.

Na sasa reli inasikika tena. Mwaka 2015 reli ya Benguela ilifunguliwa upya hata Luau, ng'ambo ya Dilolo. Mwaka 2018 manganezi ya Kongo ilipita tena mpaka kuelekea Lobito. Wakubwa wa inchi nyingi wanataja njia hiyo katika mikutano yao, na vijana wetu wanakwenda Kolwezi kuchimba kobalti wakitumaini maisha. Tunaomba Mungu awalinde chini ya udongo, na tunaomba kazi irudi na kwetu. Lakini tuna hofu moja. Katika miaka ya njaa tulijua kugawana. Je, siku fedha itakapoingia, tutamkumbuka aliyetuonyesha shamba? Au kila mmoja atajenga ukuta na kuweka mbwa mlangoni? Njaa ilijaribu imani yetu kwa nusu ya karne. Shibe nayo itaijaribu.

Basi tunawaomba mambo matatu ya kufanya mbele ya mwezi huu kwisha. Kila shirika likae na kutafuta deni moja la mtu asiyeweza kabisa kulipa, nalo lifutwe mbele ya mashahidi, bila kelele. Kila nyumba, baba na mama wakae jioni moja, waambiane wazi kile ambacho mmoja amepokea kwa mwenzake. Na kila mzee awasimulie wajukuu wake ni nani aliyempa chakula katika miaka ile, ataje jina na kijiji, ili watoto wajue nyumba wanazopaswa kuzisalimu.

Ninyi mapadri wageni, chukueni habari hii kwenda nayo katika parokia zenu, na mtuombee tuishike. Ninyi watoto, kumbukeni ya kuwa siku ya yubile mlikula pamoja na watu ambao majina yao yalikuwa katika daftari.

Mungu Baba aliyetusamehe sote katika Mwana wake awape nguvu ya kusamehe. Bikira Maria, Mama wa Eklezya, na Mwenyeheri Anuarite, binti wa inchi yetu, watuombee. Sasa twendeni mezani, na yeyote asikose pahali.