BIMA: KUCHANGA KABLA YA KUUGUA

Mwalimu wenu na aandike ubaoni neno BIMA. Lisomeni kwa sauti.

Ukienda dukani kununua kanga, unaishika, unautazama mji wake na pindo, unauliza bei. Ukiona ni ghali, unakwenda duka la pili. Lakini homa ikikupata usiku, utashika nini? Hujui kama ni malaria au ugonjwa mwingine. Daktari ndiye ajuaye, na huyo huyo ndiye akuambiaye ununue dawa gani. Mwaka 1963 bingwa wa uchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alieleza kwamba ugonjwa haujulikani utakuja lini, na mgonjwa hajui matibabu kama daktari ajuavyo. Kwa hiyo soko la matibabu si kama masoko mengine. Mama aliyeuza mbuzi wake kwa bei ya kutupa apate fedha za hospitali hahitaji kufundishwa hilo.

Ndiyo sababu watu huchanga mapema. Wilayani Igunga, Tabora, Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza mwaka 1996. Kaya ililipa kwa mwaka, kisha watu wake wakatibiwa. Kujiunga kulikuwa kwa hiari. Hapo pana shida, sikilizeni vizuri.

Tuseme kijiji kina kaya 100, na kila moja inalipa shilingi 10,000. Mfuko unapata 1,000,000. Kaya 10 zinauguliwa, kila moja inatumia 90,000. Jumla 900,000. Fedha zinatosha.

Mwaka wa pili kaya 40 zenye afya zinasema, "Sisi hatukuugua, tulipe ya nini?" Zinatoka. Wenye wagonjwa wanabaki, maana kila mtu anajua hali ya nyumbani kwake. Karani wa mfuko haijui. Sasa zinapatikana 600,000, na matibabu bado ni 900,000. Karani anapandisha ada hadi 15,000. Je, nani atatoka tena? Wenye afya.

Mimi siwalaumu. Shilingi 10,000 ni fedha za mbegu. Lakini mfuko wa wagonjwa peke yao hauwezi kusimama. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, wazima na wagonjwa pamoja.

Sasa shikeni kalamu. Ada ni 15,000, na kaya 20 nyingine zimetoka. Mfuko umepungukiwa shilingi ngapi? Andikeni jibu kwa tarakimu, kisha kwa maneno.