Maji Yasikae Barabarani



Huko Ulaya, majira ya baridi, maji huganda barabarani yakawa barafu. Magari huteleza. Kwa hiyo halmashauri za huko humwaga chumvi mapema, maana maji ya chumvi hayagandi upesi. Hawangoji ajali.

Sisi hapa Ufipa utelezi wetu ni tope. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Maji yakikosa njia yanakaa barabarani, udongo unalainika, gari linakwama. Mama mjamzito hafiki hospitali. Mahindi na maharage yetu yanabaki ghalani.

Zamani barabara za vijijini zilikuwa chini ya halmashauri. Tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Kujenga kalavati na kumwaga changarawe ni kazi yao. Lakini mtaro ulioziba mbele ya shamba letu, jamani, tumngoje nani? Jembe si tunalo?

Basi, Oktoba tuzibue mitaro. Tusilime mpaka ukingoni mwa barabara. Tukiona kalavati limebomoka, tuweke matawi kuwaonya wapitao, kisha tumwarifu ofisa mtendaji siku hiyo hiyo.

Maji yakipata njia yake, na sisi tutapata yetu.