Kibali Kwanza, Msingi Baadaye

Msikilizaji, umenunua kiwanja hapa jijini Tanga, fundi ameshakuja na kamba na mambo za kuchorea msingi. Subiri kidogo. Kibali cha ujenzi kiko wapi?

Kibali hicho hutolewa na halmashauri, si na mwenyekiti wa mtaa. Utahitaji hati ya kiwanja au barua ya toleo, risiti ya kodi ya ardhi, na michoro ya nyumba. Kama ni ghorofa, ongeza michoro ya mhandisi inayoonyesha nguzo, mihimili na nondo.

Ukishawasilisha maombi, mkaguzi hufika kiwanjani. Hutafuta bikoni zote, kisha hupima kwa futi: ukuta utakuwa umbali gani na barabara, na umbali gani na ukuta wa jirani? Huuliza pia choo na karo vitakaa wapi, na gari la kunyonya maji taka litapita wapi. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mchoro ulinunuliwa mtandaoni bila kutazama ukubwa wa kiwanja.

Kosa la mchoro hurekebishwa kwa kalamu. La ukuta huhitaji nyundo. Anayejenga bila kibali anaweza kusimamishwa, kutozwa faini, au kukuta alama ya X nyekundu ukutani.

Malipo yote yawe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, nawe udai risiti. Kibali ukikipata, weka nakala eneo la ujenzi, na usiongeze hata chumba kimoja nje ya mchoro kabla ya kurudi halmashauri.