Kabuti la Babu na Mfarishi wa Shukrani

Ifuatayo ni hotuba ya fundi cherehani, mwanachama wa kikundi cha akina mama katika kaunti yetu, aliyoitoa mbele ya vikundi vya ushonaji na wanajeshi wastaafu.



Mimi nimezoea kuinama juu ya kitambaa, si kusimama mbele ya watu. Lakini nimeombwa niwaeleze habari za mfarishi, na nitaanza na kabuti.

Babu yangu alikuwa askari wa KAR. Alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi na kabuti la jeshi. Mchana alilivaa akichunga ng'ombe, usiku alijifunika. Mara nyingi sisi wajukuu tulimwona ameamka usiku wa manane, ameketi kitandani, kabuti mabegani, hasemi neno. Tulidhani ni baridi. Hatukumwuliza. Mzee alifariki sijapata kusikia mtu yeyote kijijini akimwambia asante.

Nilimkumbuka babu niliposoma habari za mama mmoja wa Marekani, Catherine Roberts, wa mji wa Seaford katika jimbo la Delaware. Mwaka 2003 mwanawe alikuwa vitani Iraq. Siku moja mama huyo alijiwa na picha akilini kama ndoto: kijana ameketi kando ya kitanda usiku, ameinama, amelemewa na mawazo. Kisha akamwona kijana yuleyule amejifunika mfarishi, na uso wake umerudi kuwa na matumaini. Hapo akaanzisha shirika liitwalo Quilts of Valor. Novemba mwaka huohuo mfarishi wa kwanza ulitolewa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, kwa askari kijana aliyepoteza mguu Iraq. Tangu hapo watu wa kujitolea wameshona na kutoa zaidi ya mifarishi 300,000.

Mfarishi ni nini? Ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna vipande vya kitambaa vilivyokatwa kwa kipimo na kuungwa vikawa pambo moja. Katikati kuna pamba laini. Chini kuna kitambaa kizima. Kisha tabaka zote hushonwa pamoja kwa mistari inayopita kila mahali, ili pamba isikusanyike upande mmoja, na ukingo ukazungushiwa utepe. Wao hawakubali tabaka zifungwe kwa mafundo ya uzi tu, lazima zishonwe. Kipimo chao hakipungui inchi 55 kwa 65, wala hakizidi inchi 72 kwa 90. Mtu mzima anaenea.

Kazi yenyewe hugawanywa. Mmoja huunga vipande vya juu, mwingine mwenye cherehani kubwa hushona tabaka tatu, mwingine humalizia ukingo. Nyuma hushonwa lebo yenye majina ya waliofanya kazi na jina la anayepewa. Mfarishi hufuliwa kabla ya kutolewa.

Lakini wenzangu, jambo lililonigusa zaidi ni namna unavyotolewa. Hautupwi mlangoni kama mzigo wa msaada. Mwanajeshi huitwa kwa jina lake, hutajwa alikotumikia, kisha mfarishi hufunguliwa na kuwekwa mabegani mwake, naye huambiwa asante. Miongoni mwa waliopewa ni wazee waliopigana Vietnam. Vita hivyo viliisha mwaka 1975, na wengi wao walirudi nyumbani wasipokewe na mtu. Fikiria kusubiri shukrani hadi mvi.

Sisi je? Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 2016 tulilia El Adde. Waliokufa tuliwazika kwa heshima. Walio hai wamerudi vijijini kwetu, wengine na majeraha, wengine na majeraha yasiyoonekana. Tunapita malangoni mwao kila siku.

Ninaleta ombi dogo. Kila fundi hapa ana gunia la vipande vya kitenge, leso na sare za shule vinavyosubiri kuchomwa. Tuchague vilivyo imara, tuvifue na kuvipiga pasi kwanza ili visije vikajikunja au kutoa rangi baadaye. Kila kikundi kishone mfarishi mmoja tu, kwa mtu mmoja tunayemjua. Sehemu zenye joto tuweke tabaka jembamba katikati. Vijana wa vyuo vya ufundi watajifunza kupima, kukata na kuunga pembe zikutane sawasawa. Hiyo ni kazi inayompima fundi kweli.

Nawasihi mambo matatu. Kwanza, tumwulize mwenyewe na familia yake kama anapenda kupewa, na kama anapenda hadharani au nyumbani. Pili, picha zisipigwe bila ruhusa yake. Tatu, tusimlazimishe kusimulia vita. Akitaka kunyamaza, tunyamaze naye.

Wala tusidanganyane. Mfarishi si malipo ya uzeeni, wala si dawa. Mtu asiyelala, anayeshtuka kwa kila mlio, au anayejitenga na watoto wake, asindikizwe hospitalini aonwe na mtaalamu. Mfarishi haufanyi kazi ya daktari. Lakini huenda ukafungua mlango, kwa sababu mtu aliyeambiwa asante anajua kwamba kuna anayemwona.

Kabuti la babu lilitoka ghalani. Aliyelishona hakujua litavaliwa na nani, na aliyempa alimwandika kwa nambari. Lilimkinga na baridi, nashukuru. Lakini lebo yake haikuwa na jina la mtu.

Mfarishi wa kwanza wa kikundi chetu tayari nimeanza kuukata. Ni wa jirani yangu, na yuko hapa leo. Nilimwuliza, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia rangi anayoipenda.