Jarida Kuukuu Si Karatasi ya Karanga

Ndugu msikilizaji, majuzi nilinunua karanga njiani. Nilipoifungua ile karatasi nikakuta nusu ya shairi. Mtunzi simjui, maana jina lake lilibaki kwenye nusu ya pili, na nusu hiyo ameondoka nayo mteja mwingine.

Wapo wenzetu wanaokusanya majarida ya zamani ya fasihi. Watu huwacheka: kazi iliyo nzuri si itachapwa kitabuni? Ya nini kuhifadhi karatasi zilizoliwa na mende?

Chukua mfano wa jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961. Mwaka 1963 lilichapa makala ya Obi Wali wa Nigeria, aliyedai kwamba fasihi ya Kiafrika kwa lugha za Ulaya haina mbele. Makala hiyo imechapwa tena vitabuni. Lakini ukitaka kuona jinsi waandishi wenzake walivyomjia juu, fungua kurasa za barua katika matoleo yaliyofuata.

Na barua hizo hazikuwa mchezo. Mwaka 1968 Neogy alitiwa mbaroni pamoja na mbunge Abu Mayanja, ambaye barua yake jaridani iliikosoa serikali ya Uganda. Mwenye nakala ya toleo lile hahitaji kusimuliwa. Atasoma mwenyewe kilichowapeleka ndani.

Hapa kwetu Tanganyika, Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na kwa miaka mingi likachapa mashairi ya wasomaji wake. Shaaban Robert alikuja kupata vitabu. Wengi wa wenzake hawakupata. Likipotea toleo, na mtunzi amepotea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujauza kwa kilo lile sanduku la marehemu baba, lifungue. Tazama jina la jarida, namba ya toleo na mwaka. Usizibe palipochanika kwa utepe wa gundi, maana gundi huigeuza karatasi rangi na kuiharibu. Weka mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Kama huna nafasi, ulizia maktaba kwanza, au mkusanyaji unayemwamini.

Muuza karanga hana kosa. Yeye hufungia alichouziwa. Aliyemuuzia ni mimi na wewe.

Tukijaliwa, juma lijalo.