Motokaa Iliyoungua: Tuifufue au Tuiache?

Wazee wangu waheshimiwa, na ndugu zangu wapenzi,

Mmeniomba nitoe rai juu ya Land Rover yetu kuukuu iliyoshikwa na moto. Najua mnavyoipenda: ndiyo iliyochukua wagonjwa wetu na majeneza yetu. Lakini mapenzi yasitufumbe macho.

Motokaa za jina hili zilionyeshwa kwanza mwaka 1948. Bodi yake ilifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Aluminiamu safi huyeyuka kwa joto la nyuzi 660 za sentigredi. Chuma huhitaji kiasi cha mara mbili ya hizo. Basi tusihukumu kwa sura. Bodi iliyoyeyuka hutisha, nayo yaweza kubadilishwa. Fremu iliyo chini yake huonekana nzima, nayo pengine imepinda. Springi zilizopata moto hulegea, na mipira ya breki huharibika. Rangi mpya huyaficha hayo yote.

Rai yangu ni hii: kabla ya kuchanga hata senti moja, fundi aipime fremu pembe hata pembe. Ikiwa imenyooka, tuchange, tuitengeneze. Ikiwa imepinda, tuhifadhi gurudumu moja liwe ukumbusho, na fedha zetu zinunue gari zima. Kwani fedha za chama ni amana, na roho za watakaopanda ni amana kubwa zaidi.