Asiyelazimishwa Kuuza: Kuwekeza kwa Busara Baada ya Msukosuko wa Fedha

Mada kwa semina ya kamati za uwekezaji za vyama vya akiba na mikopo, Mombasa



Kila mara masoko yanapoporomoka, swali linaloulizwa katika mikutano yetu huwa moja: bei zimeshuka, basi tununue nini? Nitalifikia swali hilo, lakini nitaanza kwingine, kwa sababu naamini limewaponza wengi. Miaka ya misukosuko tuliyoipitia Kenya imenifunza kwamba anayetoka salama, na mara nyingine akatoka na faida, ni yule ambaye hakuna deni, karo wala hofu ya kumlazimisha auze siku mbaya. Hodari wa kuchagua hisa ambaye hana nafasi ya kusubiri hushindwa na mtu wa kawaida mwenye nafasi hiyo.

Mfano nitakaokaa nao zaidi ni wa mwaka 2008, maana wengi humu ukumbini waliuona kwa macho yao.

Mwaka ule ulianza na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Soko la Hisa la Nairobi nalo lilikuwa na majeraha yake. Kampuni ya udalali ya Francis Thuo ilikuwa imeanguka mwaka 2007, na mwezi Machi 2008 Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya usimamizi maalumu, wateja wakihangaika kujua hisa zao ziko wapi. Katika hali hiyo serikali ikatangaza kuuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kila moja kwa shilingi 5. Watu wakapanga foleni kuanzia madukani hadi barabarani. Benki zikatoa mikopo maalumu ya kununulia hisa. Wapo waliouza mifugo. Zoezi lilipokwisha, wenye hisa walikuwa zaidi ya 800,000, wengi wao hawajawahi kumiliki hisa yoyote maishani.

Maombi yalikuwa karibu mara tano ya hisa zilizokuwepo, kwa hiyo watu wakagawiwa sehemu tu ya walichoomba. Hapa nataka mhasibu wa kila chama anifuate kwa makini. Chukueni mtu aliyekopa shilingi 100,000, akapata hisa za thamani ya takriban shilingi 20,000. Zile 80,000 zilizobaki zilikuwa zake kurudishiwa, lakini marejesho yalichelewa, na muda wote huo riba ya benki ilihesabiwa juu ya laki nzima. Kabla hisa haijapanda wala kushuka hata senti moja, mtu huyu alikuwa tayari ndani ya hasara.

Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008. Katika siku za mwanzo bei ilivuka shilingi 7, na wengi wakakataa kuuza wakingoja 10. Kisha tarehe 15 Septemba benki ya Lehman Brothers ya Marekani ikatangaza kufilisika, na wawekezaji wa kigeni wakaanza kutoa fedha zao katika masoko madogo kama letu. Kipimo cha bei za hisa za kampuni 20 cha soko la Nairobi, ambacho Januari 2007 kilikuwa kimepita 6,000, Machi 2009 kilikuwa chini ya 2,500. Hisa ya Safaricom ikauzwa chini ya shilingi 3.

Sasa tuwatazame watu wawili. Wa kwanza ni huyo mkopaji, mwenye hisa 4,000 ambazo sasa hazifikishi hata shilingi 12,000. Mwisho wa mwezi wa benki haujui kwamba soko limeanguka. Fedha ya marejesho inatakiwa. Akauza. Wa pili aligawiwa hisa 2,000 kwa shilingi 10,000 alizokuwa ameziweka akiba na ambazo hakuwa na kazi nazo. Mgao wake wa faida kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009 ulikuwa senti 10 kwa hisa, yaani shilingi 200 kwa mwaka mzima, kiasi cha kumchekesha jirani. Lakini hakuna aliyemdai. Agosti 2021 hisa ile ilikuwa juu ya shilingi 40, na shilingi 10,000 zake zikawa zaidi ya 80,000, mbali na migao yote aliyokwisha kupokea.

Wote wawili walinunua kampuni ileile, kwa bei ileile, siku ileile. Kilichowatenganisha ni mahali fedha zilipotoka.

Wala hadithi haiishii kwenye mwaka 2021, na yeyote anayeikomesha hapo anawadanganya wanachama. Kufikia mwisho wa 2023 hisa ileile ilikuwa imerudi chini ya shilingi 15. Mzazi aliyepanga kuziuza mwaka huo ili alipe karo ya chuo kikuu alipata thuluthi moja ya alichokihesabu miaka miwili nyuma. Kwa hiyo nasema bila kusitasita: karo ya mwakani na ya mwaka unaofuata haina mahali katika soko la hisa, hata kampuni iwe nzuri namna gani. Fedha hizo zikae mahali zinapoweza kuchukuliwa bila kuuza kitu kwa hasara.

Watu hupenda kumtaja Warren Buffett na ujasiri wake wa kununua wakati wengine wamekimbia. Ni kweli, Septemba 2008 aliweka dola bilioni 5 katika benki ya Goldman Sachs, tena kwa masharti yaliyompa gawio la asilimia 10 kwa mwaka. Kinachosahaulika ni kwamba kampuni yake iliingia mwaka ule ikiwa na zaidi ya dola bilioni 40 taslimu. Hakumkopa mtu, na hakuna aliyemharakisha.

Bondi za serikali

Mtu atasema: basi tuachane na hisa, tununue bondi za serikali, hizo hazianguki. Nina heshima kubwa kwa bondi, lakini kauli hiyo haijakamilika. Katikati ya mwaka 2010 hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa chini ya asilimia 2. Waliochoshwa na faida ndogo wakasogea kwenye bondi ndefu, na mwanzoni mwa 2011 serikali ikauza bondi ya miaka 30 kwa riba ya asilimia 12. Miezi michache baadaye shilingi ikaporomoka hadi kupita 105 kwa dola, mfumuko wa bei ukakaribia asilimia 20, na Desemba 2011 Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 18.

Riba mpya inapopanda, bondi ya zamani yenye riba ndogo hushuka bei, kwa sababu mnunuzi anaweza kupata iliyo bora. Kwa hesabu ya kawaida, ikiwa soko linadai asilimia 17, bondi ya miaka 30 ya asilimia 12 itanunuliwa kwa shilingi 71 hivi kwa kila 100. Aliyeishika kwa utulivu aliendelea kupokea riba yake kila miezi sita kama alivyoahidiwa. Aliyelazimika kuuza katika kipindi kile alipoteza zaidi ya robo ya mtaji wake, katika kitu alichoambiwa hakina hatari.

Upande wa pili wa jambo hili tuliuona Februari 2024. Nchi ilikuwa na hofu kwamba serikali haitaweza kulipa deni la nje la dola bilioni 2 lililotakiwa Juni mwaka huo. Mwezi Januari dola moja ilikuwa imefika takriban shilingi 160. Serikali ikatoa bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, isiyotozwa kodi, kwa riba ya takriban asilimia 18.5. Ilitaka shilingi bilioni 70. Maombi yakazidi bilioni 280. Waliokuwa na fedha tayari walijifungia mapato ambayo leo, riba zikiwa zimeshuka sana, hayapatikani tena. Vyama vingi ambavyo mali yao yote ilikuwa imezama katika viwanja vilibaki kutazama. Kiwanja hakiuziki kwa wiki moja, na katika msukosuko hakiuziki kabisa isipokuwa kwa bei ya aibu.

Na waliokimbilia dola mwezi ule wa Januari? Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyenunua kwa 160 akiwa na woga alipoteza karibu shilingi 19 katika kila 100, ilhali jirani yake aliyetulia na shilingi zake alikuwa anapata riba. Wenye jamaa Ughaibuni wanaotuma fedha nyumbani, au wenye kuagiza mali kutoka Dubai, wana haja ya kweli ya dola. Wengine wengi walinunua hofu.

Najua pia kwamba katika vyama vyetu vya Pwani wamo wanachama wanaojiepusha na riba, na haki yao hiyo isipuuzwe kwa kura ya wengi. Mwaka 2023 sukuk (hati ya uwekezaji isiyo ya riba) ya Linzi ya shilingi bilioni 3, ya kujenga nyumba, iliorodheshwa katika soko la Nairobi. Kamati iulize kuhusu njia za namna hiyo kabla ya kusema hakuna.

Bei ya chini na mali ya thamani

Sasa lile swali la tununue nini. Mwanzoni mwa 2009 hisa nyingi zilikuwa rahisi, na urahisi ule haukuwa wa aina moja. Safaricom kwa shilingi 3 ilikuwa kampuni iliyomaliza mwaka wake wa hesabu, Machi 2009, ikiwa na faida ya zaidi ya shilingi bilioni 10 baada ya kodi. Gaweni kwa hisa bilioni 40, mnapata senti 26 hivi kwa hisa. Mnunuzi wa shilingi 3 alikuwa analipa chini ya miaka 12 ya faida ya kampuni ambayo wateja wake walikuwa wakiongezeka, na ambayo M-Pesa yake, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa bado changa. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na mwalimu yeyote kwa kalamu na gazeti la siku matokeo hayo yalipotangazwa.

Kenya Airways nayo ilikuwa imeshuka mno kutoka bei zake za mwaka 2006, na wengi walinunua kwa imani kwamba kilichopanda kwanza kitapanda tena. Mwaka 2012 kampuni ikawaomba wenye hisa waongeze mtaji kwa shilingi 14 kwa hisa. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 ikapata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 25, na Julai 2020 biashara ya hisa zake sokoni ikasimamishwa. Mumias Sugar, iliyokuwa fahari ya magharibi mwa nchi, iliishia mikononi mwa meneja mrasimu mwaka 2019. Wenye hisa za kampuni hizi walisubiri kwa subira ileile niliyoisifu hapo awali, na haikuwasaidia. Subira inamfaa mwenye hisa za kampuni inayopata fedha kutokana na kazi yake, na isiyodaiwa kupita uwezo wake. Kwa hiyo kabla ya kutazama bei, fungueni taarifa ya fedha kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha taslimu na ukurasa wa madeni. Kampuni inayokopa ili ilipe mishahara msiiguse, hata ikiuzwa shilingi moja.

Nani ameshika fedha zenu

Jambo la mwisho linanikera kuliko yote, kwa sababu linaweza kuzuiwa. Oktoba 2015 Imperial Bank ilifungwa siku ileile ambayo bondi yake ya shilingi bilioni 2 ilikuwa ianze kuuzwa sokoni. Watu walikuwa wameilipia majuma machache tu nyuma. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank. Kinga ya amana wakati huo ilikuwa shilingi 100,000 kwa mwenye akaunti. Sasa ni 500,000, na chama chenye mamilioni katika benki moja bado kinalindwa kwa hizo 500,000 tu.

Kwa vyama vyetu kidonda kikubwa zaidi ni cha KUSCCO. Ukaguzi uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 zilikuwa zimepotea katika taasisi iliyokuwa mwavuli wa vyama vya akiba na mikopo nchini. Hizo zilikuwa akiba za walimu, polisi, manesi na wakulima wa chai, zilizopelekwa huko na kamati kama hizi zilizoketi hapa. Anayelipa riba inayozidi ya kila mtu aulizwe anaipataje, na jibu lisipoeleweka na mwanachama wa kawaida, fedha zisiende. Mtu asione haya kuuliza mara ya tatu.

Siku hizi chama kinaweza kufungua akaunti yake ya bondi Benki Kuu kupitia mfumo wake wa DhowCSD bila kumpitia wakala. Kinaweza pia kuomba taarifa ya akaunti yake ya hisa moja kwa moja kutoka kwa shirika linalozihifadhi. Kama wateja wa Nyaga wangekuwa na mazoea hayo, wengi wangegundua mapema yaliyokuwa yakitendeka.

Ombi langu kwa kila kamati iliyomo humu ni hili. Kabla ya mkutano mkuu ujao, waandikieni wanachama ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaoeleza fedha zao ziko wapi, nani amezishika, zipi zinaweza kupatikana ndani ya mwezi mmoja, zipi baada ya mwaka, na zipi zilitokana na mkopo. Msinunue chochote kipya, hata kiwe rahisi namna gani, mpaka ukurasa huo uwe umesomwa mbele ya wanachama na kuulizwa maswali.